Kaharabu Niliyoichoma Kwenye Chetezo

Leo nimejivunjia heshima sebuleni kwangu mwenyewe, hapa Carrollton, ughaibuni, na mashahidi wapo. Nawataja. Mume wangu Shomari, aliyeendesha winchi bandari ya Tanga miaka ishirini na sita. Mjukuu wangu Nasra, mtoto wa binti yangu Zaina. Rukia binti Mbwana, shoga yangu tangu chuoni, tulikaa jamvi moja. Na Idi mumewe. Wanne, mimi wa tano.

Rukia na Idi wamerudi juzi kutoka Polandi, mji wa bandari unaitwa Gidanski, ndivyo Nasra alivyonitamkia. Binti yao anasomea kuunda meli huko. Walikwenda wawili tu, kama maharusi. (Mimi Shomari alinipeleka Houston, mara moja. Msibani.)

Rukia anaingia tu mlangoni nikaona kidani. Punje za rangi ya asali, kubwa kama kunazi, zimezunguka shingo yote. Sikuuliza. Nilijua nikiuliza atajibu. Akakaa, akajishika shingo. Akanywa chai, akajishika shingo. (Shingo hiyo naijua tangu haina hata uzi.)

Nasra akaunganisha simu ya Rukia na televisheni. Nyumba ndefu nyembamba, kila moja na rangi yake, zimebanana kando ya mto. Rukia na Idi wameshikana mikono. Rukia na Idi wanakula samaki. Halafu ikatokea winchi ya mbao, kubwa kama ghorofa, ya zamani za wafalme. Shomari akasogeza kiti.

"Iliendeshwa na nini hiyo, shemeji?"

"Watu, shemeji," Rukia akadakia. "Wanaingia ndani ya gurudumu, wanatembea, mzigo unapanda."

"Na breki?"

Rukia habari za breki hazijui, lakini alieleza hivyo hivyo, na Shomari anatikisa kichwa kama yuko kwenye hotuba ya Ijumaa. Mimi nikimweleza habari za goti langu huwa anaangalia mpira.

Alasiri ikaingia, Shomari akaenda kutawadha. Rukia akafungua mkoba, akatoa kitu kimefungwa kwenye karatasi laini. Bonge la manjano, kama yai la njiwa, lina vumbi vumbi, halina hata tundu.

"Shika amana yako, shoga."

(Ningekuwa na masikio ningeuliza, amana ya nani? Mtu hakuletei zawadi yake akaiita amana. Lakini masikio yangu yalikuwa yamezibwa na kile kidani.)

Mimi nikaona ubani. Yeye kavaa asali, mimi kaniletea ubani. Na chetezo kilikuwa pale mezani kinafuka, nimekiwasha kwa heshima yao.

"Ahsante," nikasema. "Ubani wa Ulaya. Haya, tuusikie kama unanukia."

Nikalitumbukiza kwenye makaa.

Idi akainuka. "Shemeji, hiyo siyo..."

"Shemeji, ubani haujanishinda bado."

Likashika moto. Ubani haushiki moto vile. Moshi mweusi, harufu ya tapentaini, na kengele ya moshi ya darini ikaanza kupiga kelele. Idi kapanda juu ya kiti anaipepea kwa sinia la maandazi. Nasra anafungua madirisha, "Bibi, that's not ubani! Bibi!" Jirani anagonga ukuta.

Shomari akatoka bafuni, maji yanamchuruzika ndevuni.

"Nani anaungua?"

"Kaharabu, kama hii," Rukia akasema, akajishika shingo.

"Kaharabu ipi?"

"Yako, shemeji."

Akajifuta ndevu kwa kiganja. Kisha akanigeukia, taratibu. "Mama Zaina, hiyo nilimwagiza Idi. Si ulinisimulia tasbihi ya marehemu mama yako, ile ya kaharabu iliyopotea? Nikasema upate hata punje moja. Niitoboe mwenyewe, uvae."

Akachungulia kwenye chetezo. "Sasa imeiva."

Idi alijitahidi kukohoa. Rukia hakujitahidi. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Nasra akalinasua kwa koleo, limebaki nusu, jeusi kama kokwa iliyotafunwa.

Hapo ndipo Rukia alipoanza kulegeza kile kidani. "Shoga, ngoja nikutolee punje moja yangu."

Mimi, nimeshika nusu yangu ya mkaa, nikamwambia, "Vaa tu, dada. Yangu naipenda nyeusi."

Shomari ameshaitafuta keekee. Kesho anaitoboa, na Ijumaa nitaivaa msikitini, na mtu asiniulize ni jiwe la wapi.

Naomba msicheke. Nimeyaandika nilivyoyakumbuka, na aliyekuwepo akiona nimekosea jina au neno, anisahihishe kwa upole. Idi anaweza, Nasra anaweza. Rukia asisahihishe kitu.