Kidonge cha Kidogo Kidogo

Tapeli mmoja, aliyeitwa Asali kwa utamu wa maneno yake, alikuwa na shida moja tu duniani: daftari la mkemia lilikuwa bado kwa mkemia. Mnunuzi alikwisha kumpata, mji wa pili. Basi asubuhi hiyo akafunga tai ya kuazima, akaingia maabara akijiita wakala wa kiwanda cha dawa.

Mkemia, mama mwenye miwani iliyofungwa plasta, akamkaribisha kiti. Daftari la kijani lilikuwa mezani: miaka kumi na moja ya jasho lake, wala hakuwa na nakala. Alikuwa ametengeneza polima, minyororo mirefu ya kemikali, inayoyeyusha dawa kaidi zisizokubali maji, kisha kuziachia tumboni taratibu kwa saa kumi na mbili.

"Dawa gani hiyo, mama yangu?"

"Ya kulainisha choo."

Asali akajishika tumbo, uso ukamkunjamana. "Lo! Mungu ndiye kanileta! Mwanao leo siku ya nne, sijaenda!"

"Masikini! Si ungesema mapema?" Akampa kidonge. "Ngoja nikuletee maji."

Alipogeuka tu, daftari likazama ndani ya koti. Kidonge Asali alitaka kukitupa, lakini mama alikwisha rudi, akamsimamia na glasi kama muuguzi. Akameza, akashukuru, akaaga. Kidonge kimoja kitamfanya nini mwanamume mzima?

Basi la kwanza lilimwacha chooni, pale pale kituoni. La pili alilipanda, akashuka mbio kabla dereva hajawasha. La tatu hata hakulijaribu. Kila akifunga mkanda akidhani yameisha, polima inaachia tena. Tusimcheke sana, jamani. Sayansi inastahili heshima.

Saa ya tano tangu ameze kidonge ikamkuta humo humo chooni, na bomba halina hata tone. Akasikia hatua nje ya mlango.

"Ndugu yangu, nisaidie karatasi!"

"Daftari kwanza, mwanangu."

Asali akaitambua sauti. "Mama! Umejuaje niko huku?"

"Ulimeza dawa yangu. Ungekuwa wapi pengine? Lete daftari."

Likapita chini ya mlango. Akasikia kurasa zikihesabiwa, moja moja. Zilikuwa zote; hata Asali, pamoja na dhiki yake, hakuthubutu kuchana, maana mnunuzi alizitaka kamili. Mama akashusha pumzi ndefu. Kisha kikaingia kipande cha karatasi, ukubwa wa kiganja.

"Mama! Hiki tu?"

Nje ndoo ikaburutwa, mtu akaikalia.

"Zimebaki saa saba, mwanangu. Nitakuachia kidogo kidogo."