Hakuna Kupanda Mpaka Nivue Kofia

Jumatatu, tarehe 3
Nimeshinda! Barua yangu imejibiwa. Niliiandika kwa mkono wangu, penseli mbili zikaisha. Mkuu wa stesheni kanisomea jibu: Alhamisi treni ya abiria itasimama hapa kwetu dakika mbili, kwa majaribio. Miaka tisa inatupita bila hata kututazama! Wakipanda watu thelathini, itasimama kila wiki. Wasipofika, basi tena.

Binti yangu kajifungua, anakaa stesheni saba mbele. Mjukuu ana miezi mitatu na hajamwona babu yake. Masikini mtoto.

Shemeji mwenye teksi, mdogo wake mke wangu, kasema shemeji acha ubishi, nitakupeleka bure. Thubutu! Mara ya mwisho tulikaa kwenye foleni nusu siku, nikatapikia kofia. Mtu mzima hakunjwi kama kiti.

Jumanne, tarehe 4
Nimezunguka nyumba hadi nyumba. Mshona viatu kakubali. Mwalimu mstaafu kakubali. Mama muuza mkaa kauliza treni ina ajabu gani. Nikamwambia: dereva mmoja anavuta watu mia tano, na wenyewe wamelala! Hakuna foleni, hakuna matusi. Nyumba inatembea, mama! Akakubali. Tumefika thelathini na mmoja, mimi na mke wangu tukiwemo.

Shemeji kapita anapiga honi, eti nani anakwenda leo leo.

Jumatano, tarehe 5
Mazoezi stesheni. Watu wangu wanasukumana kama kuku waliomwagiwa mtama. Aibu! Wakubwa wa reli watatuonaje? Nimetoa amri: hakuna kupanda mpaka nivue kofia. Tumerudia mara sita, safi kabisa.

Mke wangu kaguna. Kasema, mzee, mlango ukifunguka mtu anaingia. Huyu hajanitii tangu nimuoe.

Alhamisi, tarehe 6
Imekuja.

Sijui niandikeje. Kwanza reli zililia, sauti nyembamba kama ya mbu. Halafu ardhi ikatetemeka mpaka magotini mwangu. Halafu yenyewe! Behewa, behewa, behewa, madirisha yanang'aa. Kitu kizito namna ile kikasimama polepole mbele ya viatu vyangu, kikapumua. Mtoto dirishani akanipungia. Mimi! Machozi yakanitoka, sifichi. Nikahesabu mabehewa: kumi na mawili. Yakaanza kusogea. Nikahesabu tena.

Lilipopita la mwisho nikageuka. Watu wangu wamesimama mstari mmoja, tiketi mkononi, macho yote kichwani kwangu.

Kofia!

Mwalimu kasema kwa upole kwamba walidhani bado. Mama muuza mkaa hakusema kwa upole. Shemeji kacheka mpaka kakaa chini.

Mkuu wa stesheni kaandika: amepanda abiria mmoja. Mke wangu.

Jumamosi, tarehe 8
Mke wangu kapiga simu. Mjukuu ana pua yangu. Anasema ndani ya treni njia nzima alinyoosha miguu, akalala. Roho imeniuma.

Lakini mkuu wa stesheni ana utu. Katuombea Alhamisi moja zaidi, ya mwisho. Shemeji kasema basi safari hii kila mtu apande anavyojua. Ushauri wa mwenye teksi huo! Kosa lilikuwa la kofia. Nimenunua filimbi. Hakuna kupanda mpaka nipulize.

Mchana nimekwenda stesheni kuijaribu, nimeibana kwa meno. Ikapita treni ya mizigo. Mabehewa arobaini na moja!

Filimbi sijui iliangukia wapi. Kesho nanunua nyingine, yenye kamba.