Roboti Isiyo na Breki

Jumatatu, 3 Machi

Imekamilika! Miezi saba ya kukodolea macho kompyuta, na leo roboti yangu iko tayari. Kazi yake ni kununua na kuuza fedha za kigeni yenyewe, mimi nikiwa kazini nafundisha watu udereva. Nimeijaribu kwa bei za miaka kumi iliyopita. Miaka tisa faida. Mmoja tu ulileta hasara, nikachezeachezea tarakimu mpaka nao ukanyooka. Sasa kumi kwa kumi! Machozi yalinitoka.

Nikampigia mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Yeye huandika programu za benki, na haishi kuniharibia siku. Nilitaka aumie. Akasema kuijaribu kwa bei za zamani ni kama kutabiri mechi uliyokwisha kuitazama. Wivu huo!

Jumanne, 4 Machi

Mwanyumba kaja na karatasi ya masharti. Roboti ifanye kazi mwezi mzima kwa pesa za mchezo. Kisha ipewe pesa kidogo, ambazo zikipotea hatutalia. Iwekewe kikomo cha hasara ya siku. Iwe na kitufe cha kuizima kwa simu. Mke wangu alikuwa akiitikia kila sharti kana kwamba anamsikiliza daktari, na akammiminia chai mara mbili. Mimi mara moja.

Basi, nimeijaribu kwa pesa za mchezo. Dakika arubaini. Faida! Mwezi mzima wa nini?

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani. Miaka mitatu anadunduliza apate mashine ya kudarizi. Keshazungumza na muuzaji, hata kona ya kuiweka ameshaifagia. Nimemwomba pesa hizo. Akasema nichukue robo tu, na nifuate karatasi ya shemeji yake. Nikaapa. Akanipa kadi ya benki.

Nimechukua zote. Robo ya pesa huzaa robo ya faida, hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Atanishukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Ole wangu! Saa mbili asubuhi roboti ikanunua. Saa tatu umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta ikawaka upya, na roboti, ikiwa imesahau kwamba imeshanunua, ikanunua tena. Leo umeme umekatika mara tano! Mzigo uleule umenunuliwa mara sita, na bei inaporomoka kama gogo mlimani.

Mimi niko barabarani na mwanafunzi wangu, muuguzi mstaafu anayeshika usukani kama mkono wa mgonjwa. Nikachungulia simu. Nikapiga ukelele: "Simama! Simama wewe!" Nilikuwa naiambia roboti. Mama wa watu akakanyaga breki katikati ya makutano. Honi pande zote nne. Akaniuliza kwa upole amekosea wapi.

Kitufe cha kuizima sikukiweka. Gari langu la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Roboti haina hata moja.

Nilipofika nyumbani, dalali wetu wa mtandaoni, ambaye roboti hununua kupitia kwake, alikuwa ameshafunga biashara zote kwa lazima, hasara ilipozidi. Imebaki robo ya pesa. Nimejiambia kwamba ndiyo ile niliyoruhusiwa kuchukua. Haikunisaidia.

Ijumaa, 7 Machi

Mwanyumba kaisoma programu yangu mstari kwa mstari. Kumbe kwenye majaribio roboti ilikuwa ikiamua asubuhi kwa kutumia bei ya jioni ya siku hiyohiyo. Mtihani na majibu yake mkononi! Nani angefeli? Na ada za dalali sikuzihesabu kabisa.

Nikangoja acheke. Hakucheka. Akaniwekea mkono begani, akauliza kama nimeshamwambia mke wangu. Bora angecheka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia. Alikuwa akishona kola. Mguu ukasimama juu ya kikanyagio.

"Robo imepotea?"

"Robo imebaki."

Akampigia muuzaji, akamwambia mashine ampe mwingine, kwa sauti ileile anayoagizia nyuzi. Akaweka simu chini.

"Mashine nitaisubiri tena, nimezoea," akasema. "Lakini uliniapia, mume wangu. Tena huku unanitazama machoni."

Akaendelea na kola. Angenirushia mkasi ningepumua. Nimejifungia bafuni saa nzima, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi si mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na uamuzi wa kiume. Robo iliyobaki inarudi kwa mwenyewe leo. Nimeijaza fomu ya kutoa pesa, imebaki kubonyeza tu. Kidole kikiwa juu ya kitufe, wazo likanijia kama radi. Roboti hununua bei ikikaribia kushuka, huuza ikikaribia kupanda. Haikosi kukosea! Sasa ikigeuzwa je? Inunue pale ilipotaka kuuza, iuze pale ilipotaka kununua!

Nimeigeuza, na ile bei ya jioni nimeiondoa kwenye majaribio. Nimeijaribu kwa bei za wiki iliyopita. Faida siku tano kwa tano!

Fomu nimeifuta. Roboti nimeiwasha saa mbili kasoro robo, kabla sijaenda kazini. Mke wangu nitamweleza jioni, faida ikishaingia. Safari hii sina wasiwasi hata chembe. Makosa yote nilishayamaliza wiki iliyopita.