Vikombe Vyenye Kipara

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kanipeleka chuoni nikaone kabati la vioo. Ndani mna kipande cha ukuni uliooza, juu yake vijiuyoga kama vikombe vya kunyweshea siafu chai. Pembeni kadi yenye jina lake! Kauokota uani kwake tu. Mtu aliyeuza dawa za minyoo maisha yake yote, leo anaitwa mtafiti. Nimemsifu mpaka meno yakauma. Na mimi lazima nipate kadi.

Jumatano, 5 Machi
Nimepekua gogo bovu nyuma ya bafu. Vipo! Vya njano, kila kimoja kama kichwa cha pini. Nimeazima lenzi kwa fundi saa, na kitabu cha picha kwa shemeji (yeye hajui). Kitabu kinasema uyoga wenye nywele ukingoni ni adimu, usio na nywele umezagaa kila mahali. Nimechungulia mpaka jicho likatoa machozi. Vipara vitupu. Vimefuata kichwa changu.

Alhamisi, 6 Machi
Nywele si tatizo. Paka alikuwa amelala. Mkasi, kibano, gundi. Nimebandika hadi mgongo ukagoma. Mke kauliza kwa nini paka ana kiraka. Nikasema ni joto. Kanitazama kama anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika.

Ijumaa, 7 Machi
Chuoni. Daktari wa uyoga, mama mpole, kaweka ukuni wangu chini ya hadubini. Shemeji kajileta bila kualikwa. Mama kachungulia, kisha kasema:
"Babu, uyoga wako una kiroboto."
Shemeji kacheka mpaka kashikilia kabati. Nikamwambia kiroboto naye anajua pa kupanga. Mama hakucheka. Alikuwa ameona kitu pembeni: kikombe cha bluu, kimoja tu, ambacho hajapata kukiona popote. Kimezama kwenye gundi yangu, hakifai tena. Kaniambia nilete gogo lote. Kikipatikana kingine, kadi ni yangu. Nimekimbia, na goti hili! Nyumbani maji ya kuoga yanatokota. Mke kasema lile gogo limewaka vizuri ajabu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelia kidogo, nimekula sana, kisha nimetafakari kosa langu. Nimeliona: nywele za paka ni nene mno, tena zina wapangaji. Nyuma ya kibanda cha kinyozi kuna gogo jingine, nalo limejaa vipara. Na dirishani kwetu limeanikwa wigi jipya la mke wangu. Nyuzi laini, safi, zimetoka kuoshwa. Mwenyewe yuko sokoni.
Mkasi uko wapi?