Ombi la Kuondolewa Herufi Moja katika Simu za Tausi

Kambi ya Wakata Miwa,
Karibu na Butere, Kakamega.
Jumapili, 23 Oktoba 2011.
Miezi tisa tangu niondoke nyumbani Mautuma.

Kwa Mkubwa wa Maoni ya Wateja,
Kampuni ya Simu za Tausi,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: HERUFI MOJA IONDOLEWE

Natumaini barua hii inakukuta mzima na betri yako imejaa. Mimi ni mkata miwa. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya usidhani ni dharau. Mwenzangu Usman, mtu wa Matungu aliyefika kidato cha pili, ameipitia barua hii na kunirekebishia l na r zote. Ilimchukua mchana mzima, na sehemu kubwa ya huo mchana alikuwa anacheka.

Nakuandikia kwa sababu ya bango lenu pale Butere, reli inapoishia. Linasema, "Tuambie, tutasikia." Nimepita chini yake mara nyingi nikiwa mweusi kwa masizi ya miwa, na kila mara yule dada wa kwenye picha hunitazama mimi hasa. Basi nawaambia.

Kwanza, jinsi mlivyoniuzia simu. Mwaka huu sukari imepanda, trekta za miwa hazilali, na kila mwenye panga ana kazi. Nyinyi mkajua. Siku ya mshahara mkaja sokoni na hema, na muziki, na kijana mwenye kipaza sauti ambaye aliponiona aliniita "mzee wa kazi". Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nyapara wetu huniita "wewe wa kofia". Nikanunua, na ya zamani mkaichukua kama sehemu ya bei. Nalalamikia kipaza sauti hicho, maana si haki kumsifu mtu aliyechoka.

Pili, mliamua kuacha kutengeneza Tausi ya zamani, ile yenye tochi. Yangu ilianguka kwenye mtaro, trekta ikapita juu yake, nikaipangusa ikaendelea kuita. Hii mpya ikisikia trekta kwa mbali inazimika. Tena mmebadilisha tundu la chaja, limekuwa jembamba kama la sindano. Chaja ya kambi ni moja tu, ya Kiplagat, na haiingii. Kiplagat mwenyewe hakununua simu mpya, kwa sababu ana akili. Mtasema hayo ni maendeleo. Mimi pia nimeendelea: siku hizi natembea mpaka sokoni kuchaji simu, halafu narudi gizani bila tochi.

Tatu, na hapa naomba ukae vizuri kwenye kiti. Simu hii ina l na pia ina r.

Najua ile ya zamani ilikuwa nazo. Lakini ile nilikuwa naipiga tu, siandiki. Kijana wa hema ndiye aliyenifundisha kuandika ujumbe, akasema simu inamsaidia mtu kumalizia maneno. Sasa, Mheshimiwa, kwetu herufi hizi mbili ni kitu kimoja. Mama yangu aliniita Lusweti asubuhi na Rusweti jioni, na mara zote niliitika. Tumeoana, tumezikana, tumegombania mipaka ya mashamba, na hakuna aliyeuliza ni ipi imetumika. Mpaka nyinyi mkaja mkaziweka kwenye vitufe viwili, huku na kule, kama mume na mke waliokosana.

Binti yangu Milcah yuko darasa la nane na mtihani wake unaanza mwezi ujao. Nilimwahidi kalamu nzuri isiyovuja wino, kwa sababu hizi za kawaida humchafulia karatasi. Nikainunua. Nikaona nimtie moyo mapema, nikamwandikia mama yake, Dinah: "Mwambie Milcah nakuja na karamu ya mtihani."

Kalamu ni ya kuandikia. Karamu ni ng'ombe anachinjwa.

Dinah akausoma ujumbe kwa sauti kisimani. Milcah akaliambia darasa. Ndugu yangu Joash ameshaazima sufuria za kanisa, na nasikia kwaya inafanya mazoezi ya wimbo wenye jina langu ndani yake. Nilipokuwa nyumbani hawakuwahi kuniimbia, hata nilipokuwa mgonjwa. Mama mkwe wangu naye amenitafuta. Kwa heshima ya kwetu, mimi na yeye hatutazamani usoni, lakini simu yenu haina uso, kwa hiyo alinipigia. Tangu nioe amekuwa akinitaja kama "yule". Siku hiyo aliniita "mwanangu", akauliza kama ng'ombe atakuwa dume. Nilisema mtandao ni mbaya, nikakata. Hapo niliwasingizia, mtanisamehe.

Sasa niambieni, niende vipi? Nikienda, nitaingia mbele ya kwaya, sufuria na mama mkwe nikiwa na kalamu moja mfukoni. Nisipoenda, mtoto ataingia kwenye mtihani akijua kwamba baba yake alitangaza halafu akajificha kwenye miwa. Na wenzangu kambini hawanisaidii. Usman ananiita "Bwana Sherehe". Kiplagat, kila jioni tukikaa kula obusuma, ugali wetu, anauliza, "Lusweti, hii ni ya kula ama ni ya kuandikia?"

Nne, ndilo ombi lenyewe. Naomba herufi moja kati ya hizo mbili iondolewe katika simu zote zinazouzwa upande wetu. Chagueni nyinyi ni ipi, sisi hatutajua tofauti.

Tano, kama hilo ni gumu, tumeni gari Mautuma na kijana yuleyule wa kipaza sauti, atangaze kwamba karamu ni kosa la kiwanda. Aniite mzee wa kazi mara mbili, mama mkwe akiwa karibu.

Sita, kama gari halipo, leteni ng'ombe. Awe dume, kwa sababu swali hilo limeshaulizwa.

Mkiona haya ni mengi, kumbukeni kwamba mimi sikuja ofisini kwenu kutafuta simu. Nyinyi ndio mlionifuata kwenye miwa.

Wasalimu wote hapo ofisini, mafundi, walinzi wa langoni, na mtu aliyefikiria lile tundu la chaja. Mwambieni dada wa bangoni kwamba kona ya chini imeanza kubanduka.

Mimi mteja wenu niliye gizani,

Lusweti (au Rusweti)

Baada ya kutia sahihi:

Barua ilikuwa imekwisha, Usman akaomba simu aone kosa lenyewe. Akaandika maneno yangu yaleyale. Alipofika "ka", simu ikaleta yenyewe "kalamu", na l yake. Ndipo nikakumbuka kwamba hata siku ile iliniletea "kalamu". Niliifuta, nikaweka yangu, nikamwambia Kiplagat kwamba simu za Nairobi hazijui Kiswahili.

Tukiwa bado tunaitazama, ujumbe wa Dinah ukaingia. Naunakili kama ulivyo: "Baba Milcah, nilijua ni kalamu tangu siku ya kwanza. Wewe husemanga hivyo. Nilisoma karamu makusudi. Kwa kalamu ungetuma mtu. Kwa karamu lazima uje mwenyewe. Ng'ombe hatumngoji, kila nyumba inaleta ingokho yake, kuku wanatosha, na mama yangu anajua. Njoo tu."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, herufi ziacheni zote mbili. Barua hii naituma hivyohivyo, maana Usman amekataa kusahihisha nyingine, na pia nimeiandika kwa kalamu ya Milcah nikiijaribu. Haivuji. Sitaki kuimaliza wino.

Nimemjibu Dinah, na safari hii nimeiacha simu imalizie maneno yenyewe. Nitafika Mautuma Jumamosi, tarehe tano Novemba.