Kitenzi Kilichopigiwa Kura

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba Idara yetu ya Mihuri imekuwa ya kwanza kumaliza utata wa kitenzi cha Kiingereza kwa kupiga kura.

Jumatatu ililetwa barua ya wizara, mstari mmoja tu, kwa Kiingereza. Ilimtaka Mkurugenzi, kabla ya wiki kwisha, afanye kitu kiitwacho *resign*. Akaitwa mfasiri wetu, mama mwenye miwani ya kufungwa uzi, aliyebakiza miezi mitatu astaafu.

"Mama, neno hili maana yake nini?"

"Kujiuzulu, mzee."

"Hebu angalia vizuri."

"Nimeangalia. Asili yake Kilatini, kubandua muhuri. Ndiyo kusema uachie ngazi."

Mkurugenzi akashika mikono ya kiti chake. "Hiyo ni maana ya Walatini. Hapa tuna Mlatini?"

Hatukuwa naye. Ikaundwa Kamati ya Kitenzi, katibu mimi. Tulikaa siku tatu na birika nne za chai. Afisa Usafirishaji ndiye aliyetufungua macho: *re* ni kurudia, *sign* ni saini. Basi, kusaini tena!

"Hata mwanangu wa darasa la pili anajua," alisema.

Kura saba kwa moja. Mfasiri, mwenye ile moja, aliandikiwa barua ya onyo kwa kupotosha umma na kuhamishiwa ghalani. Aliisoma, akasahihisha koma mbili, akabeba kikombe chake akaenda.

Ijumaa tulikusanywa ukumbini. Mkurugenzi alisaini tena vibali vya likizo, mahudhurio ya mwaka mzima, na cheti chake cha ndoa, ambacho mkewe alikileta amenuna. Kila saini, makofi. Kisha akaandika jibu kwa mkono wake, kwa Kiingereza: kwamba ame-*resign* kwa furaha, mbele ya mashahidi, wala hakulazimishwa na mtu.

Mfasiri alikuwa mlangoni, vumbi la ghala mabegani. "Mzee, nakusihi, hiyo usiipeleke."

"Mama, kijicho kitakuzeesha."

Ikapelekwa. Nilibandika stempu mwenyewe.

Jumatatu jibu likaja, refu, lenye muhuri mwekundu. Hakuna aliyethubutu kulisoma. Ilibidi mama atolewe ghalani.

"Wanakushukuru sana," alisema. "Wanasema hawajawahi kuona mtu muungwana kama wewe."

Mkurugenzi akatugeukia, meno yote nje. "Mmesikia?"

"Na wamekubali."

"Wamekubali nini?"

"Ulichoandika, mzee."

Nikiwa katibu, niliona ni wajibu wangu kuomba wiki mbili ili Kamati ichunguze kitenzi *kukubali*. Mwanamke mgeni aliyesimama mlangoni na barua yake ya uteuzi akatazama saa.

"Nawapa dakika kumi," alisema. "Kiti nakihitaji."