Karatasi Kumi na Mbili kwa Bibi Harbottle

Jumatatu, 9 Mei 1836. London.

Leo mkutano mkuu wa wamisionari. Wazungumzaji kumi na wanane. Mimi wa kumi na nane! Mchungaji Asahel Dunning, anayechangisha kwa ajili ya chuo chao cha Indiana, alipewa nafasi ya tatu, watu wakiwa bado na nguvu za kulia. Zamu yangu ilipofika, ukumbini walibaki mfagizi, mama mmoja aliyesinzia, na Dunning mwenyewe, aliyenipigia makofi. Kejeli tupu.

Nijikumbushe kilichonileta huku. Chuo chetu cha Salt Fork, kule Ohio, kina kuta nne nzuri na hakina paa. Kanali Yost alitupa ile ardhi kwa sharti kwamba tuwe tumeezeka kufikia tarehe mosi Oktoba. Tusipoezeka anaichukua, na hafichi kwamba anataka kujenga kiwanda cha wiski. Wiski! Pale pale nilipopanga maktaba. Tunahitaji pauni mia sita. Mpaka sasa nimepata ahadi za kuombewa.

Lakini nikiwa narudi kwa miguu nimepata wazo. Barua hulipiwa na anayeipokea, kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, huku kama kwetu. Kuilipia mapema ni kumwambia mtu kwamba ni fukara. Sasa basi. Mtu akishatoa pesa yake kwa ajili ya barua, lazima ataisoma. Akitoa nyingi, ataisoma kwa makini. Kwa hiyo dawa ni barua ndefu. Nashangaa hakuna aliyeliona hili kabla yangu.

Jumanne, 10 Mei.

Nimeandika tangu chai ya asubuhi hadi kidole kikavimba. Barua kumi. Ile kubwa ni ya Bibi Lavinia Harbottle wa Bath, mjane wa mwenye kiwanda cha vifungo, ambaye husemwa hana mtoto wala hana ubahili. Karatasi kumi na mbili! Nimeanzia mti wa kwanza tulioukata. Kuna sura ya kisima, kuna mchoro wa paa, kuna majina ya mbao zote zinazoota Ohio na tabia zake kwenye mvua.

Bi. Gosling, mwenye nyumba ninayopanga, aliuliza kama nimesema mahali popote kwamba naomba pesa. Nimemjibu kwamba jambo hilo lipo, karatasi ya kumi na moja. Akasema Mchungaji Dunning huandika barua zake mezani, kati ya yai na mkate, na karatasi humtosha moja. Huyo ndiye Dunning. Hana subira na watu.

Alhamisi, 12 Mei.

Dunning kaja kunitembelea bila kualikwa. Amepata pauni mia kutoka kwa mfanyabiashara wa Bristol. Kanionyesha na barua aliyomwandikia. Mistari sita! Salamu, shida, kiasi, asante. Nilitafuta mti wa kwanza walioukata, sikuuona. Nikamwambia kwa upole kwamba huyo mfanyabiashara alitoa kwa sababu hakuelewa. Akanywa chai yangu yote.

Jumamosi, 14 Mei.

Balaa. Tarishi kagonga mlango akiwa na mfuko. Barua zangu tisa zimekataliwa mlangoni kwa wenyewe, zimerudi, na mimi niliyeziandika ndiye ninayetakiwa kuzilipia. Nilimweleza tarishi kwamba kuna makosa, haiwezekani watu tisa wenye akili timamu wakatae. Akapima moja kwa kiganja.

“Mchungaji,” akasema, “nimebeba barua miaka ishirini na miwili. Hii siyo barua. Hii ina uzito wa kuku.”

Bi. Gosling alicheka mpaka akashika ukuta. Nimeweka rehani koti langu la baridi. Mwezi Mei lingenisaidia nini?

Lakini nilihesabu mara mbili. Zimerudi tisa na nilituma kumi. Ya Bibi Harbottle haimo! Ameilipia. Shilingi tisa, mshahara wa kibarua wa shamba kwa wiki nzima, na ameilipia! Nadharia yangu ni kweli. Hao tisa walikuwa watu wabaya tu.

Jumapili, 15 Mei.

Siku ya Bwana. Sikuandika. Nilimtungia Bibi Harbottle barua ya pili kichwani, nikiwa nahubiri.

Jumatatu, 16 Mei.

Mpango mpya. Sahihi ya mbunge juu ya barua huifanya isafiri bure, mradi isizidi wakia moja. Nimebisha kwa Bwana Digby Allardyce, mbunge, rafiki wa vyuo, nikamkuta anakula figo za kondoo. Nilimweleza dakika arobaini. Figo zilipoa. Barua yangu ya pili kwa Bibi Harbottle tuliiweka kwenye mizani ya jikoni kwake, ikawa wakia tatu kasoro kidogo. Sikukata tamaa. Nimeigawa mara tatu, na kwa kuwa sahihi huandikwa na tarehe ya siku ya kutuma, nitamrudia kesho na keshokutwa asubuhi kwa mbili zilizobaki. Aliisukuma sahani, akakubali.

Na hapa ndipo nilipojishangaa mwenyewe kwa werevu. Kila sehemu nimeikata katikati ya sentensi, ili apate hamu ya inayofuata. Ya kwanza inaishia seremala wetu akiwa juu ya ngazi, na ngazi inaanza kuteleza.

Jumatano, 18 Mei.

Sahihi ya tatu nimeipata. Kwenye ngazi za nyumba ya Bwana Digby nilipishana na Dunning, anatoka. Alikuwa amekaa ndani dakika nne. Ametoka na pauni hamsini!

Nilisimama pale barabarani kama aliyemwagiwa maji. Siku tatu nimekwenda kwa mtu yule. Siku tatu nimemwona anakula. Wala haikunijia kumwomba pesa.

Ijumaa, 20 Mei.

Barua ya mke wangu, Mehitabel. Karatasi moja, ameandika kwa urefu kisha akaigeuza akaandika kwa upana juu ya maandishi yale yale, ili nisilipe ya pili. Mvua imenyesha ndani ya ukumbi siku sita. Wanafunzi kumi na mmoja wanalala ghalani na farasi, na wawili wamehamia Indiana. Kanali Yost alipita na mnyororo wa kupimia, akapima kutoka dirisha la maktaba hadi kisimani, akasema kisima kiko pazuri. Mehitabel mwenyewe anafundisha Kigiriki akiwa ameshika mwavuli.

Chini kabisa kaandika: “Jotham, wewe ni mtu mwema na nakujua. Omba, pokea, panda meli. Usieleze.”

Nimeisoma mara nne. Nimemkumbuka hadi kifua kikauma. Kisha nikaanza kumjibu kwa nini kueleza ni muhimu, na nilipofika karatasi ya saba Bi. Gosling akaninyang'anya wino.

Jumanne, 24 Mei.

Bath! Kutoka Bath! Ninainakili hapa, maana ni fupi:

“Mchungaji Sprague. Barua yako ya kwanza niliilipia kwa kuwa kwa unene wake nilidhani inatoka kwa kaka yangu aliye India, na nilidhani amekufa. Zilizofuata zilikuja bure lakini zilininyima usingizi. Vijana wanaofundishwa kwenye mvua wananitia huruma, hasa wakiwa na mwalimu kama wewe. Nakutumia hawala ya pauni mia tatu. Mia tatu nyingine nitazitoa mwisho wa Juni, kwa sharti moja: kufikia siku hiyo nisipate kutoka kwako barua nyingine yoyote, hata iwe fupi namna gani, wala ya shukrani. Ikija moja tu, hizo mia tatu nitampa Mchungaji Dunning, ambaye ameniandikia mistari sita. L. Harbottle.”

Nimelia. Sioni haya kuandika. Nimepiga magoti sakafuni na Bi. Gosling kapiga magoti pembeni yangu, na yeye si mtu wa kupiga magoti. Paa! Mehitabel ataweka ule mwavuli pembeni!

Dunning alikuja kunipa hongera. Nilimsomea barua. Hakucheka. Akanishika mabega yote mawili.

“Ndugu yangu, nisikilize vizuri,” akasema. “Kaa kimya. Wiki tano tu. Hizo pesa mimi sizitaki kwa njia hiyo. Ukiiona kalamu, toka nje ukatembee.”

Nimemshukuru. Baadaye nikatafakari. Mtu atakayepata mia tatu nikiandika, kwa nini anizuie kuandika? Nimelizungusha hili kichwani jioni nzima. Bila shaka ni wivu.

Jumatano, 25 Mei.

Nimeamka na akili safi kabisa. Nimemwelewa Bibi Harbottle. Mama yule ni mnyenyekevu kupita kiasi. Amezoea kupokea visalamu vya mistari sita, visivyo na moyo, na ndiyo maana anakimbia shukrani: hajawahi kushukuriwa sawasawa. Kile kitisho kuhusu Dunning ni haya tu za mjane mwema. Nikikaa kimya atajua moyoni mwake kwamba Waamerika hatuna adabu, na mlango wa Bath utafungwa kwa vyuo vyote vitakavyokuja baada yetu. Sitakubali kubeba lawama hiyo.

Kwa hiyo nimeandika. Karatasi kumi na saba. Nimeomba radhi mara tatu kwa ufupi.

Bi. Gosling alisimama mlangoni mikono kaitandaza, akasema lazima nipite juu ya maiti yake. Nilipita dirishani. Mpokea-barua wa mtaani, yule anayepita na kengele, alikuwa ameshafika pembeni ya barabara. Nilimkimbilia bila kofia, nikamwahi. Aliipokea kwa mikono miwili.

Nimemwandikia na Mehitabel. Nimemwambia asingoje, aagize mbao za kuezekea sasa hivi, za pande zote mbili za paa.